Achari za Jedida

Wazazi wenzangu wa mtaa huu wa Kisumu Ndogo hapa pwani, sogeeni, na atakayenuna anune. Leo sibembelezi mtu.

Jioni ile nyumbani kwa Kahonzi palikuwa shwari. Wali wa nazi ulikuwa jikoni ukikauka, naye alikaa barazani akishona suruali ya mumewe Masha, msafishaji wa bwawa la kuogelea katika nyumba moja ya wageni. Kila alipovuta uzi, kitambaa cha mfuko kilichanika.

"Baba Emily, suruali mpya hii, mbona mfuko umeoza?"

"Chumvi ya bwawani hiyo," Masha akacheka. "Niliitia mfukoni, jasho likailowesha. Ikilowa inakula!"

Kahonzi naye akacheka.

Chumvi hiyo ina jina refu, sodiamu baisalfeti. Ni chembechembe nyeupe, chachu kweli kweli. Ikitiwa bwawani kwa kipimo, hupunguza magadi ya maji. Chooni huondoa madoa sugu. Ina kazi yake, nami sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na Masha.

Kabla wali haujapakuliwa, Emily, binti yao wa pekee, aliingia mbio ameshika mdomo. Midomo ilikuwa imebabuka, ulimi umevimba, na mkononi ana kifuko cha achari za embe. Kahonzi akamsukutua kwa maji mengi, akamkimbiza hospitalini kwa bodaboda. Daktari alisema koo limeungua, na mtoto atalishwa kwa mpira wa kupitishwa puani.

Asubuhi Kahonzi aliporudi kuchukua nguo, alikuta umati wenye marungu mlangoni kwa Jedida, mama aliyetoka bara, muuza achari. Mbele ya umati alikuwa Masha, rungu mkononi.

"Muuaji! Arudi kwao!" alifoka Masha.

Jedida alikuwa akilia, amekumbatia mkebe. "Mama Emily, haki ya Mungu, nilitia embe, pilipili na hii ndimu ya unga ya kutia uchachu tu. Baba Emily mwenyewe ndiye aliyeniuzia!"

"Nilimwuzia ndimu safi!" akasema Masha. "Sumu kaitia yeye!"

Kahonzi alichungulia mkebe. Akaona chembechembe nyeupe zile zile zilizobaki mfukoni mwa suruali, akaukumbuka mfuko ulioliwa. Akinena, mume anakwenda jela na jiko linazimika. Akinyamaza, rungu lile litamshukia mwanamke asiye na kosa. Hasira ikampanda mpaka machozi yakamkauka.

Aliuchukua mkebe akamsogezea mumewe. "Ni ndimu safi?"

"Ndiyo."

"Basi lamba."

Masha akarudi nyuma.

"Lamba, Baba Emily! Chembe moja tu. Mwanao amelamba."

Masha aliutazama ule mkebe, akatazama chini. Rungu likamponyoka.

"Ulijua!" Kahonzi akapiga kelele. "Uliiona chumvi ya bwawani inakula nguo, ukaiuza kwa jina la ndimu, ukailisha watoto wa watu! Ebo! Ulidhani wako hana mdomo?"

Yeye mwenyewe alimwongoza hadi kituo cha polisi. Emily alipona, lakini sauti yake imebaki ya kukwaruza, na wali humezwa kwa machozi. Masha yuko rumande. Jedida ameacha achari. Kila asubuhi humletea Emily uji mwepesi, na Kahonzi humpokea kama dada yake.

Mafunzo

Dawa ya bwawa au ya choo isitiwe katika mkebe wa chakula, wala isichanganywe na dawa ya kung'arishia nguo, kwani hutoa hewa inayoua. Mtoto akiionja, msukutueni, msimtapishe, mkimbilieni hospitali na mkebe wenyewe. Nanyi mliobeba marungu siku ile, mlimhukumu mgeni kabla ya kuuliza. Aibu yenu!

Na wewe unayeuza usichothubutu kukiweka ulimini mwako, ujue mwanao ndiye atakayekuonjea.