Sweta Nyuma ya Kaunta

Kila asubuhi mashine ya kufumia ya mama ililia sebuleni, krrr, krrr, ikienda na kurudi. Mama alifuma masweta ya wanafunzi, na binti yake alikuwa akilala na kuamka na mlio huo tangu akiwa mchanga. Siku hiyo mlio ulikatika ghafla.

"Wewe, sweta lako liko wapi? Nje kuna baridi ya kung'ata."

Binti akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu zilizokwisha kufungwa. "Limeibiwa, mama. Darasani."

"Na nani?"

"Sijui... mimi nakaa dawati moja na Kidoti tu."

Hakusema Kidoti ni mwizi. Alisema tu anakaa naye. Lakini neno likitoka limetoka, na mama alikuwa ameshasimama, anatafuta kandambili zake.

Ukweli ulikuwa mwingine. Mkabala na geti la shule palikuwa na duka la mtu mmoja ambaye watoto walimwita Anko Cheko, maana meno yake hayakukaa ndani hata siku moja. Yeye ndiye aliyempa binti kadi ndogo ya kijani. "Wewe ni mteja wangu bora," alimwambia. "Chukua unachotaka, mimi natia alama tu. Hela utaleta ukipata."

Binti hakujiuliza atapata wapi, na Anko Cheko naye hakumuuliza. Akachukua biskuti, akachukua soda, akawagawia na wenzake. Wakaanza kumwita Bosi. Yeye ambaye hakuna aliyewahi kumwita kucheza, akalivaa jina hilo kama kofia mpya. Kadi ikajaa. Kumbe kila wiki ikipita bila malipo, Anko aliongeza alama ambazo hakuna aliyezila. Mwishowe akamwambia, huku anacheka vilevile, "Basi niachie sweta. Ukileta hela, utalichukua."

Sasa Bosi alikuwa akimfuata mama yake nyuma mpaka nyumbani kwa Kidoti. Bibi yake Kidoti alikuwa uani akianika nguo. Mama alieleza kwa adabu. Hakuja kugombana, alikuja kuuliza tu. Bibi aliirudisha nguo kwenye beseni. Alimwita mjukuu wake.

"Leta begi lako. Mwaga kila kitu hapa."

Kidoti akamwaga. Madaftari, rula iliyokatika, kipande cha mkate ndani ya karatasi. Hakulia. Alimtazama Bosi, kisha akamuuliza bibi yake taratibu, "Nilete na nguo za kabatini?"

Bosi alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka.

"Mama, Kidoti hajaiba!" Bosi alimvuta mama yake nguo. "Liko dukani kwa Anko Cheko. Nililiacha mwenyewe. Ananidai."

Mama hakumgombeza, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alimshika bibi mikono yote miwili. "Nisamehe, mama yangu. Nimekuletea mlangoni uchafu wa kwangu." Bosi akamsikia mama yake akiomba radhi kwa kosa lisilo lake, masikio yakamwaka moto.

Pale dukani sweta lilining'inia nyuma ya kaunta. Pembeni yake palikuwa na masweta mengine na mkoba wa mtoto.

"Karibu, mama!" Anko Cheko alicheka. "Ah, hilo? Mimi sikumshika mtu mkono. Alichukua kwa hiari yake, akala, akashiba. Deni ni deni."

"Alikula, na tutalipa," mama alisema, ameshika kadi ya kijani ambayo Bosi alimpa njiani alipomweleza yote. "Lakini wewe ulimpa kadi mtoto asiye na kazi wala mshahara, ukamwita mteja bora. Ulitegemea alipe na nini? Na hizi alama za kila wiki ni biskuti gani? Nionyeshe karatasi zilizofungiwa."

Anko Cheko akaufumba mdomo. Kwa mara ya kwanza meno hayakuonekana.

"Nakulipa kilicholiwa. Hizo nyingine andika maumivu. Na hivi vitu vya watoto, nimwite mwalimu mkuu aje avione?"

"Tusifike huko, mama. Vitarudi leo leo." Akalitungua sweta, akatoa na bunda la kadi za kijani kwenye droo, akamkabidhi mama.

Kesho yake Bosi alisimama mbele ya darasa na kusema yote. Mtu mmoja aliguna, "Bosi wa mikopo!" na wengine wakaangua kicheko. Kidoti hakucheka. Bosi aliporudi kuketi, Kidoti alisogea kidogo kumpa nafasi. Kidogo tu.

Tangu siku hiyo, kila akitoka shule alikunja nyuzi za mama ili kurudisha hela iliyolipwa dukani. Jioni moja akauliza, "Mama, mwenye kosa ni mimi au Anko Cheko?"

"Unataka niwagawie kosa kama mkate?" Mama aliendelea kufuma. "La kwake ni lake. La kwako halipungui kwa sababu naye ana la kwake. Watu husema kukopa harusi, kulipa matanga. Ni kweli, ila umtazame pia anayepiga ngoma kwenye hiyo harusi. Akikuhimiza ucheze, jiulize anajua utamlipa na nini. Na ukishacheza, mwanangu, usimsukume mwenzio akulipie."