Besi Iliyopotea Sebuleni

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua viatu mlangoni, akafua soksi zake, akala, kisha akakaa kwenye meza ya sebuleni kumalizia hesabu. Chiriku lilikuwa jina la nyumbani tu, na alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Jioni baba yake, ambaye ni fundi bomba, alirudi, akaoga, akajitupa kwenye kiti chake na kuwasha muziki. Alikuwa na spika mbili ndefu kando ya televisheni, na pembeni kabisa sabufa, lile sanduku zito jeusi linalotoa besi, ile sauti nene ya chini. Ujanani baba alipiga gitaa la besi kwenye bendi. Wengine walisikiliza waimbaji, yeye alisikiliza besi.

Jioni moja alikunja uso. Akaongeza sauti. Waimbaji walisikika vizuri, lakini besi ilikuwa nyembamba kama uji uliozidishwa maji.

"Nani ameshika sabufa yangu?" aliuliza.

Mama, aliyekuwa anashona, alisema hana habari nayo. Chiriku alitikisa kichwa. Akabaki mjomba, mdogo wake mama, aliyehamia kwao kutafuta kazi baada ya kumaliza chuo cha umeme.

"Mimi sijaigusa, shemeji," alisema mjomba, akainamia sahani yake.

Baba alishusha sauti ya muziki. Ila macho yake yalikaa juu ya mjomba kwa muda, na Chiriku aliyaona.

Tangu hapo Chiriku akaanza kumchunguza mjomba kimyakimya. Kila alichofanya kilimtia shaka. Kwa nini bisibisi ilikuwa haimtoki mfukoni? Kwa nini aliacha kupiga mluzi mtu akiingia? Mchana mmoja Chiriku alirudi mapema, akakuta mapazia yamefungwa na mjomba amepiga magoti nyuma ya sabufa, tochi mkononi. Mjomba alisimama haraka.

"Natafuta kalamu," alisema.

Kalamu, na kwenye sikio lake palikuwa na kalamu.

Kesho yake mjomba alitoka na mfuko mzito, ameukumbatia kama mtoto mchanga.

"Umebeba nini, mjomba?"

"Mzigo wa mtu."

Mtu gani, hakusema. Alikwisha fika barabarani.

Jioni ile Chiriku alimfuata baba yake bombani alikokuwa akinawa mikono. "Baba, mjomba amefungua sabufa. Ametoa ile sumaku ya ndani inayoivumisha besi, akaenda nayo kwenye mfuko."

Baba alifunga maji. "Umeiona kwa macho yako?"

Chiriku alisita kidogo tu. Lakini picha ilikuwa imekamilika kichwani mwake, sumaku na mfuko na yote. "Nimeiona," alisema.

Usiku huo walikula huku habari zikisomwa kwenye televisheni. Msomaji wa habari alisikika kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa, na sauti yake ilitoka pembeni badala ya kwenye televisheni. Baba alinong'ona kwamba sasa sabufa imeharibika kabisa. Baadaye Chiriku aliwasikia wazazi wake jikoni.

"Mwisho wa wiki atafute pa kwenda," alisema baba.

"Ni ndugu yangu. Na bado hujamuuliza."

"Nimuulize nini, na mtoto ameona?"

Chiriku alisogea hadi mlangoni. Alitaka kuingia aseme neno, lakini akarudi kitandani, akajifunika shuka.

Jumamosi asubuhi mama alizima cherehani, akawaita wote sebuleni. "Tuifungue hapa hapa," alisema. "Sumaku isipokuwemo, mdogo wangu ataondoka, na mizigo yake nitaifunga mimi mwenyewe."

Baba alifungua skrubu moja baada ya nyingine. Kila mtu aliinama kutazama. Sumaku ilikuwa mahali pake, na vumbi lililolala juu yake halikuwa na alama hata ya kidole.

Baba aligeuka polepole. "Chiriku, uliona nini?"

Machozi yalimlengalenga. "Niliona mfuko, baba. Sumaku sikuiona. Nilidhani imo."

"Mfukoni mlikuwa na pasi ya dobi," alisema mjomba. "Alinipa nimtengenezee. Nilitaka kwanza nione kama nitaweza, nisije nikachekwa."

"Na nyuma ya sabufa ulikuwa unatafuta nini?" aliuliza mama.

Mjomba alikuna kichwa. "Nilijua lawama zitaniangukia mimi, kwa hiyo nikataka kurekebisha kimyakimya. Nikazungusha kitufe hiki, kinachopanga sauti zipi ziende kwenye sabufa na zipi zibaki kwenye spika ndefu. Nikakizidisha. Ndiyo maana mtu wa habari amehamia pembeni. Ya kalamu nilidanganya."

Walifunga skrubu, baba akakaa kwenye kiti chake, mjomba akalala kifudifudi nyuma ya sanduku na tochi yake.

"Shemeji, kuna swichi ndogo hapa. Upande mmoja imeandikwa sifuri, upande wa pili mia na themanini. Iko upande usio wake. Spika ndefu zikisukuma hewa, sabufa inavuta, na besi inafutika. Ni kama watu wawili wanaosukuma mkokoteni mmoja, kila mmoja kutoka upande wake. Nani alilisogeza hili sanduku?"

Baba alitazama ukuta, uliokuwa umepakwa rangi hivi karibuni.

"Mimi," alisema mwishowe. "Rangi ilidondokea nyuma yake, nikaifuta kwa kitambaa. Nilisugua kwa nguvu."

Mjomba aliisukuma swichi. Besi ikajaa chumba, glasi zikatetemeka kabatini. Kisha akakirudisha kile kitufe taratibu, baba amefumba macho.

"Shusha. Shusha tena. Hapo, umepitiliza, rudi kidogo. Hapo hapo."

Sasa mwimbaji alikuwa mbele, na besi haikujulikana inatoka wapi. Baba alizima muziki kabla wimbo haujaisha.

"Shemeji, nisamehe. Nilitaka kukufukuza kwa kosa langu mwenyewe."

"Na mimi ningesema ukweli mapema, tusingefika huku," alijibu mjomba.

Chiriku alimsogelea mjomba wake, akamwomba radhi kwa sauti ndogo isiyo ya kawaida yake. Mjomba akamvuta sikio kidogo, akacheka.

Mama hakucheka. Alimkalisha binti yake kando yake. "Mwanangu, kwa neno lako moja mjomba wako angelala nje leo. Ukiona mfuko, sema umeona mfuko. Kilichomo ndani, tumwulize mwenye mfuko."