Taa Iliyomwacha Radi Gizani

"Soma tena hapo, mwanangu. Polepole, masikio yangu hayana mbio," Shangazi alisema.

Pindo alikuwa ameketi kwenye cherehani yake, gauni jeupe limemfunika magoti, simu mkononi. Jina la Pindo alipewa na wateja, kwa sababu hakuna aliyejua kukunja pindo la gauni likaanguka sawasawa kama yeye. Gauni hili halikuwa la mteja, lilikuwa lake mwenyewe. Harusi ilikuwa Jumamosi.

"Kinyozi kaandika kwenye kundi la mashabiki. Anasema: 'Jamani, jana Radi hakuimba, alinguruma! Gitaa lilinikwaruza mbavu kwa ndani. Lakini kilichoniua ni ule wimbo wa taratibu. Taa zote zilizimwa, ukabaki mwali mmoja tu juu yake. Mara mwali ukamwacha! Ukapanda roshani, ukamtua dada mmoja usoni, ukakaa hapo ubeti mzima. Radi kabaki anaimba gizani kama aliyekatiwa umeme.'"

Shangazi akacheka mpaka akashika ubavu. Yeye alikuwa anashona vifungo, kazi ambayo huifanya huku akisikiliza mambo ya watu.

"Na wengine wanasemaje?"

"Mama Gitaa anasema: 'Nililia kama kitoto. Huyo dada ni mpenzi wa Radi, mtakuja kuniambia. Mwanga ule haukuwa wa bure.' Halafu Mwalimu anambishia: 'Mpenzi wa Radi wapi! Nilikuwa safu ya mbele. Radi mwenyewe alishtuka, alikuwa anapapasa hewa kutafuta mwanga wake.'"

"Ehe. Sasa wewe mashavu yamekuwa ya majivu kwa nini? Radi ni mchumba wako?"

"Shangazi, ule mwali hauendi wenyewe. Kuna mtu anaushika kwa mikono, yuko juu kwenye chumba cha taa, anamfuata mwimbaji kila anapokwenda."

"Mtu gani?"

Pindo akalitazama gauni magotini. Shangazi naye akaacha kucheka. Kifungo kilimtoka vidoleni, kikabiringika chini ya meza, na hakuna aliyeinama kukiokota.

Mtu huyo wote wawili walimjua. Fundi Taa wa jumba la maigizo, bwana harusi wa Jumamosi.

Kuna jambo ambalo Pindo hakuwahi kumwambia mtu, hata wenzake wa kundi. Miaka miwili nyuma, kwenye roshani ileile, katika wimbo uleule, mwali ulimtua yeye. Onesho lilipokwisha alishuka mwanamume mwenye glavu zinazonuka moto, akamwambia, "Samahani dada, mkono wangu uliteleza." Ndivyo walivyoanza. Kwa hiyo aliposoma maneno ya Kinyozi hakuhitaji mkalimani. Alijua mwali ule ukimtua mwanamke usoni unasema nini.

Akapiga simu, akaweka sauti ya juu ili Shangazi asije akaumia shingo kwa kuinama.

"Mpenzi, onesho la jana lilikuwaje?"

"La kawaida tu. Kelele na jasho."

"Watu wanasifia taa."

Nyuma yake kilisikika chuma kikigonga chuma.

"Watu gani?"

"Mashabiki."

"Aa, mashabiki wa Radi! Hata paka akikatiza jukwaani watasema ni sanaa."

"Leo alasiri kuna onesho tena. Nije?"

"Usije!" Lilitoka haraka mno, naye akalifunika haraka. "Namaanisha, tiketi zimekwisha, si ulikwenda ukaambiwa? Halafu kuna taa kubwa imelegea juu ya roshani. Inaning'inia kwa skrubu moja. Itaanguka wakati wowote. Sitaki iwe kichwani kwako."

"Na watakaokuwa chini yake?"

"Pindo, nakuomba. Usije."

Simu ikakatwa. Shangazi alikuwa ameikodolea macho kama mtu anayetazama nyoka akijifanya kamba.

"Mwanamume akikukataza kwa ukali, muulize. Akikukataza kwa huruma, mpeleleze."

"Na kama taa imelegea kweli?"

"Basi utakufa umeshajua."

Pindo akampigia Kinyozi.

"Huyo dada wa jana, ulimwona sura?"

"Sura ya wapi! Mwali ulinipofua hata mimi, nilikaa kiti cha jirani yake. Nilichoona ni gauni la manjano, na ananukia kama bustani iliyomwagiwa maji."

"Alikuja na nani?"

"Peke yake. Halafu kuna ajabu moja. Kile kiti hakiuzwi. Lile jumba lina desturi ya kuacha kiti kimoja roshani, cha wageni wa nyumba. Asipokuja mgeni, kinabaki wazi. Jana kilikuwa wazi kabisa mpaka wimbo wa taratibu, mara dada huyo, kama katoka ukutani."

"Leo unakwenda tena?"

"Tiketi ninayo, kiti kilekile. Ila nina vichwa vinangoja, na mteja ukimwacha nusu kanyolewa hakusamehi. Kwani unaitaka?"

"Naitaka."

"Njoo uichukue. Lakini una nini, dada yangu? Sauti yako kama ya mtu aliyeitwa kutambua maiti."

Pindo akacheka, lakini kicheko kilitoka kikavu, hata yeye hakikumpendeza.

Alasiri jua lilikuwa linachoma lami. Shangazi alimsindikiza mpaka mlangoni pa jumba, akakataa kuingia.

"Makelele niliyasikia kwa marehemu mume wangu, na yeye hata gitaa hakuwa nalo. Nakungoja hapa kivulini. Ukipiga ukelele, nakuja na mwavuli."

Pindo alijifunika mtandio mpaka puani, akapita mbele ya dirisha la tiketi. Dada wa dirishani, yuleyule aliyemwambia kwa tabasamu kwamba tiketi zimekwisha, alikuwa amejiinamia akipaka rangi ya mdomo. Hakumwona.

Ndani mlikuwa na ubaridi wa nyumba isiyopata jua. Viti vyekundu, pazia zito, na watu wengi wenye fulana nyeusi wakinong'ona kama wako makaburini. Mama Gitaa alikuwa nyuma yake, ameshika leso tayari kulia. Pindo akatazama juu. Taa kubwa ilikuwapo kweli juu ya roshani. Ilikuwa imefungwa kwa minyororo miwili minene na skrubu mpya zinazong'aa. Haikutikisika hata ngoma zilipopigwa.

Na ngoma zilipigwa! Sakafu ilipanda miguuni, ikafika kifuani, ikakaa. Radi alitoka na koti lake la ngozi, akafungua mdomo, na watu elfu wakasahau majina yao. Siku nyingine Pindo angekuwa amesimama juu ya kiti anapiga yowe. Leo alihesabika miongoni mwa wafu. Kila gitaa lilipolia, yeye alisikia, 'Usije, usije.'

Ukaja wimbo wa taratibu. Desturi ya mashabiki wa Radi ni moja: wimbo huo ukianza, simu zote huzimwa, hakuna anayepiga makofi, hakuna anayekohoa. Giza likaanguka. Pindo akajisogeza upande, akakaa kwenye kiti kisichouzwa.

Nyayo laini zikashuka ngazi za roshani. Harufu ya bustani ikafika kabla ya mwenyewe.

"Samahani," sauti ikanong'ona, "hicho ni kiti changu."

Pindo hakugeuka. Alikuwa anautazama mwali.

Ulimwacha Radi katikati ya neno. Ukapanda safu za chini bila kumgusa mtu, bila kusitasita, kama mtu anayekwenda nyumba anayoijua. Ukapita ukingo wa roshani, ukamtua Pindo usoni.

Akashusha mtandio, akaukazia macho.

Mwali ukatetemeka. Ukatetemeka kama maji kwenye beseni lililopigwa teke. Kisha ukaruka pembeni, ukatua kwenye ngazi, na hapo palikuwa na gauni la manjano. Dada wa dirisha la tiketi! Alikuwa amefumba macho nusu, kidevu juu, kama mtu aliyezoea kupakwa mafuta.

Mwali ukamrudia Pindo. Ukasita. Kisha ukarudi kwenye manjano, ukatulia.

Mara ya kwanza Pindo angeweza kusema umekimbia. Mara ya pili ulikuwa umechagua.

"Uwiii, tazameni mapenzi!" Mama Gitaa alinong'ona nyuma, analia. "Leo ni zaidi ya jana!"

Pindo akasimama. Kwenye pembe ya roshani, upande wa jukwaa, kulikuwa na mlango mdogo na ngazi ya chuma. Akapanda, gauni alilovaa kalishika mkononi.

Chumba cha taa kilikuwa kidogo kama kabati, kina joto la tanuri. Fundi Taa alikuwa ameikumbatia taa yake ya mwali kwa glavu zake, mgongo mlangoni. Wimbo wa taratibu ulikuwa umekwisha, ngoma zimerudi, na Radi alikuwa anakimbia huku na huku jukwaani.

"Taa iliyolegea ni ipi?" Pindo akauliza.

Mgongo ukashtuka.

"Pindo! Nilikwambia usije!"

"Nimekuja. Geuka."

"Siwezi, anakimbia kushoto. Yuko ukingoni kabisa, akikosa mwanga ataanguka."

"Basi mfuate. Kufuata unajua. Nijibu bila kugeuka, mdomo hauna kazi."

Ngazi ya chuma ikalia nyuma yake. Gauni la manjano likachungulia mlangoni.

"Wifi!" dada wa tiketi akasema kwa mshangao. "Kumbe wewe ndiye uliyenikalia kiti? Na moyo wako je, daktari amekuruhusu?"

"Wifi?" Pindo akamgeukia. "Moyo gani?"

"Si wewe dada yake, mwenye cherehani? Alinikataza kukuuzia tiketi. Alisema una ugonjwa wa moyo, makelele yatakuua."

Pindo akamtazama yule mwanamume mgongoni. Shati lilikuwa limemganda kwa jasho, uti wa mgongo unahesabika.

"Dada, Jumamosi una mpango gani na huyu?"

"Jumamosi hayupo. Anasafiri kumzika mjomba wake."

"Huyo mjomba ni mimi," Pindo akasema. "Jumamosi ananioa. Gauni nimelishona kwa mkono wangu."

Chini Radi alinguruma, watu wakanguruma naye, na kuta za kile kikabati zikatetemeka. Dada wa tiketi alikuwa ameshika fremu ya mlango, rangi ya mdomo imebaki peke yake usoni.

"Wewe," akamwambia yule mgongo, "ni kweli?"

"Nilitaka kuwaambia. Wote wawili."

"Lini?" wakauliza kwa pamoja.

"Baada ya Jumamosi."

Dada wa tiketi akacheka kicheko kimoja, kifupi, cha kutisha.

"Kile kiti chako cha wageni," akasema, "kuanzia kesho nakiuza." Akageuka, viatu vyake vikagonga ngazi moja moja mpaka chini.

"Pindo," mwanamume akaanza, bado macho yake yako jukwaani, mikono inamfuata Radi kulia. "Pindo mpenzi, sikiliza. Ni mkono tu. Mkono uliteleza."

"Mkono wako unateleza sana, bwana. Ulianza kuteleza kwangu, nikadhani ni bahati yangu. Kumbe ndiyo tabia yake."

"Watu wamealikwa! Mashabiki wote! Mama yangu yuko njiani! Nitawaambia nini?"

"Waambie kuna msiba. Wewe ni hodari wa misiba."

"Usiondoke. Nakwambia usiondoke!"

Huruma yote ilikuwa imetoka kwenye ile sauti. Pindo aliisikia ikigonga chuma nyuma ya masikio yake, baridi na mpya, sauti ya mtu asiyemjua. Akafikiri: hii ndiyo ningeisikia nyumbani, mlango ukishafungwa. Akashuka.

Alikuwa amefika ngazi za roshani mwanga ulipomkamata mgongoni.

Chini, Radi akatoweka gizani katikati ya mbio. Gitaa lilikwaruza, kitu kizito kikaanguka, watu wakashusha pumzi kwa pamoja, "Haaa!" Mwali haukumjali. Ulikuwa unamfuata Pindo. Akashuka ngazi, ukashuka. Akakata kona, ukakata. Akaingia njia ya kati ya viti, ukamtangulia, ukamrudia, ukamzunguka miguuni kama mbwa aliyefungiwa siku nyingi. Kivuli chake kilikuwa kirefu mbele yake, kinafika mlangoni kabla yake.

"Jamani, hili ndilo onesho!" mtu akapiga kelele. "Radi ameua leo!"

"Anaondoka! Mpenzi wake anaondoka!"

Wakaanza kupiga makofi. Jumba zima likasimama kumshangilia, na katikati ya makofi yale Pindo alisikia, kutoka juu kabisa, jina lake likiitwa. Liliitwa mara moja kwa kubembeleza, mara ya pili kwa ukali. Hakugeuka. Aliogopa kwamba akigeuka mwali utamwingia machoni, na mtu aliyepofuka huongozwa popote.

Akasukuma mlango kwa mikono miwili.

Nje kulikuwa na jua. Jua la alasiri, jeupe, la bure, limejaa mtaa mzima, juu ya lami, juu ya mabati, juu ya mbwa aliyelala. Mwali ulimfuata mpaka kizingitini, ukagusa jua, ukafa.

Shangazi alikuwa kivulini, mwavuli mkononi kama rungu.

"Ehe. Radi kaimbaje?"

"Kaimba vizuri. Nadhani kaanguka."

"Na yule wetu?"

"Naye."

Shangazi akamtazama usoni kwa muda mrefu, akafungua mwavuli, akamwingiza chini yake.

"Na gauni?"

"Nitalifumua leo leo."

"Usifumue kiuno," Shangazi akasema wakianza kutembea. "Mimi mwenyewe bado sijakata tamaa."

Pindo akacheka, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kikatembea nao mpaka mwisho wa mtaa. Kwenye mkoba simu ilikuwa inaita. Ikakata. Ikaita tena.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Mwache apapase," Shangazi akasema. "Giza ni lake."