Ndege wa Kisiwa cha Ngome

Kila asubuhi Yanelis Fonseca alikunywa kahawa yake ya maziwa akiwa wima. Mkate aliutafuna akienda na kurudi kati ya jikoni na mlangoni, na basi la shule lilimkuta keshafika barabarani. "Mtoto huyu ana siafu miguuni," bibi yake alizoea kusema.

Kwa hiyo wengi walishangaa alipojiandikisha kwenye safari ya Mwalimu Pinder ya kutazama ndege. Ilikuwa Aprili, wakati ndege waimbaji wanaporudi kaskazini kutoka Kuba na kwingineko.

Siku ya kwanza walikwenda kwenye vinamasi, ambako mamba walilala kando ya njia kama magogo. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama kimya na kungoja jani litikisike. Rafiki yake Odette alisimama kama nguzo, akaona ndege mmoja baada ya mwingine, hata yule mwenye kichwa cha buluu na kifua chekundu. Yanelis kila alipoinua darubini, ndege alikuwa ameshakwenda.

"Unakanyaga kama ng'ombe," Odette alimwambia. "Ndege wanakusikia tangu ukiwa kwenu."

Wenzao wakacheka. Yanelis naye alicheka, lakini neno lile lilimkaa moyoni.

Kesho yake walipanda boti hadi kisiwa chenye ngome kuukuu ya matofali. Upepo mkali wa kaskazini ulikuwa umevuma tangu alfajiri, na ndege waliovuka bahari walikuwa wamepigana nao njia nzima. Walijaa ndani ya ua wa ngome, kwenye vichaka, majanini na kando ya kidimbwi cha maji, wengine hatua chache tu kutoka miguuni pa watazamaji waliokuja kutoka kila mahali.

"Hawana nguvu tena," alisema Mwalimu Pinder. "Msiwasogelee. Waacheni wale, wanywe maji, wapumzike."

Yanelis hakuweza kutulia. Alizunguka ua, akaketi, akainuka. Odette alikuwa tayari ameona ndege ambao Yanelis hata majina yao hakuyajua. Ndipo kichaka kimoja kikatikisika, na kitu cha kijivu kikapita ndani yake. Maneno yakamtoka kabla hajayafikiri.

"Nimemwona yule adimu. Yule anayetikisa mkia."

Mwalimu Pinder alikuwa amewasimulia habari zake botini. Kila mtazamaji pale uani alimjua ndege huyo, na wengi walikuwa wamemtafuta maisha yao yote. Watu wakaja mbio. Bibi mmoja mwenye kofia pana akamwuliza, "Kifua chake kilikuwa cha manjano?"

"Ndiyo."

"Mgongo wa kijivu?"

"Ndiyo," alijibu Yanelis.

Mzee mwenye kamera kubwa akajipenyeza kichakani. Ndege wakaruka kwa shida, wakayumba, wengine wakagonga ukuta. Kipanga aliyekuwa juu ya ngome akashuka kama jiwe, akamnyakua mmoja na kuondoka naye. Mwingine alianguka karibu na kiatu cha Yanelis, mdomo wazi, akihema.

Watu wengine walikuwa wanakuja kutoka ufukweni. Yanelis angeweza kusema kwamba ndege ameruka, na hakuna ambaye angejua. Alimtazama yule aliyekuwa akihema.

"Tokeni kichakani, tafadhali," alisema. "Sikumwona. Nilisema uongo."

Mzee wa kamera aligeuka polepole. "Nimeacha chakula changu kwa ajili ya uongo wako?"

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

Alinung'unika, lakini alitoka, na wengine wakarudi nyuma pamoja naye. Ndege aliyeanguka akajikokota hadi kivulini. Yanelis alikaa chini ukutani, na kwa aibu hakuthubutu kunyanyua hata mkono. Muda mrefu ukapita. Ndege wakaanza kushuka tena kidimbwini, wawili, kisha watatu, na katikati yao mmoja mwenye koo la rangi ya kaa la moto.

Odette alikuja akaketi kando yake. "Umeona nini?"

"Mmoja wa koo jekundu kama moto. Ameingia nyuma ya jiwe." Yanelis akainamisha kichwa. "Najua huniamini."

Odette aliielekeza darubini yake kwenye jiwe lile. "Ungetaka kunidanganya, ungesema umemwona yule wa mkia."

Jioni, boti liliporudi, Mwalimu Pinder alimwita pembeni.

"Yule aliyechukuliwa na kipanga hatarudi," alisema. "Sitakuficha hilo. Uongo ukishatoka mdomoni haukuulizi unakwenda kumwumiza nani. Lakini waliobaki wamekunywa maji kwa sababu ulisema kweli mbele ya watu waliokukasirikia, na hilo si jepesi hata kwa mtu mzima. Mtu akituambia ameona ndege, mwanangu, sisi hatuna shahidi ila neno lake. Litunze neno lako. Anayeaminiwa hahitaji kuwa wa kwanza."