Pasi ya Treni na Shifti ya Usiku

Kila asubuhi, Waruguru alichemsha chai huku mamake akijiandaa kwenda Ruiru, kwenye kiwanda cha kushona nguo. Nyumba yao ya Makongeni, mjini Thika, ilikuwa ya chumba kimoja, na Waruguru wa gredi ya saba ndiye aliyekuwa bingwa wa hesabu humo.

Mama alikuwa amezoea matatu, treni hakuijua. Waruguru ndiye aliyepiga hesabu ya nauli ya mwezi, akatamba, "Mama, nunua pasi ya treni ya mwezi mzima! Tutaokoa pesa." Jumamosi mama alichota pesa za kodi ya nyumba kwenye kopo akainunua, akitumaini kuzirudisha kidogo kidogo.

Jumatatu iliyofuata mama alikuwa akifunga viatu kwa furaha. "Wiki ijayo ni zamu yangu ya shifti ya usiku. Nitalala mchana kama malkia!"

Kijiko kilimponyoka Waruguru. Treni ilikwenda Ruiru asubuhi na kurudi Thika jioni. Wa shifti ya usiku huenda jioni na kurudi asubuhi, kinyume kabisa! Na mama alifanya kazi usiku wiki moja, mchana wiki inayofuata. Nusu ya mwezi pasi ingelala mkobani, naye alipe matatu juu yake.

Alimkumbuka jirani yao Khamisa, aliyefungiwa mlango kwa kufuli kwa sababu ya kodi, sufuria zake zikanyeshewa nje. Alitaka kusema, lakini ulimi ulikuwa mzito. Akamfuata mama hadi stesheni.

Langoni, karani aligonga muhuri kila pasi mpya. Ukutani paliandikwa kwamba pasi iliyogongwa muhuri hairudishwi. Foleni ilizidi kufupika. Mama aliitoa pasi.

"Mama, usimpe!" Waruguru alimshika mkono, machozi yakimtoka.

"Ni nini tena? Treni ndiyo hiyo!"

"Nilikosea. Sikuhesabu shifti ya usiku. Jioni treni haiendi Ruiru, inatoka huko!"

Mama aliduwaa. "Ngai! Mungu wangu!"

"Mama, songa basi!" wakalalamika waliokuwa nyuma. Mama alitoka kwenye foleni, akairudisha pasi kwenye dirisha la tikiti. Waruguru alitetemeka mpaka karani wa hapo alipozihesabu noti na kuzirudisha. Mama akanunua tikiti ya siku moja.

Waruguru aliinama akingoja kukaripiwa. Badala yake, mama alimkabidhi pesa za kodi.

"Zirudishe kwenye kopo kabla ya kwenda shule."

"Mimi, Mama? Baada ya kosa langu?"

"Kosa letu. Hata mimi bei ilinipumbaza, nikasahau kazi yangu mwenyewe. Kukosea hesabu si aibu, mwanangu. Lakini siku nyingine ukiogopa, sema ukiwa bado unatetemeka. Ukingoja woga uishe, muhuri utakuwa umeshagongwa."