Namba Aliyoazimwa Mzee

Simu iliingia mchana kweupe, ikanuka. Ndiyo, ilinuka, udongo mbichi wa kaburi, na harufu ilitoka kwenye vipokea sauti alivyovaa Bi Pole. Wenzake wa huduma kwa wateja walimbandika jina hilo kwa sababu kila mteja aliyelalamikia intaneti alipewa pole mbilimbili.

"Nisaidie, mwanangu," sauti ilinong'ona. "Niko nje. Siwezi kuingia."

"Pole baba, pole sana. Nipe namba yako ya mteja nikufungulie."

"Sina. Sijawahi kupewa."

Bila namba hakuna msaada, ndiyo kanuni. Lakini wapokea simu wana ujanja wao: mteja akisahau yake, wanamwazima ya nyumbani kwao wenyewe ili mtambo ukubali, kisha wanaifuta. Msimamizi anajua, anajifanya haoni.

Jirani yake wa meza alimfinya mkono. "Shoga, kata! Huyo kanipigia jana. Niliposikia ile harufu nikakata."

"Mzee wa watu, jamani! Angekuwa baba yako?"

Huruma nyingine bwana, wee acha tu! Nyumbani walikuwapo mama yake na bintiye wa pekee, mwenye homa. Bi Pole akaingiza namba ya nyumba hiyo.

"Nimekuazima yangu, baba."

"Umenipa mwenyewe?"

"Nimekupa."

Simu ikakatika, na harufu ikatoweka. Alipotaka kuifuta ile namba, ikagoma. Akapiga nyumbani, ikaita, ikaita, naye anamwomba Mungu mama apokee, apokee tu hata kwa matusi, na kila mlio ukiirudisha ile harufu taratibu, ikampanda puani, ikamkaa kooni, mpaka mtoto akapokea.

"Mama, babu kaingia," alinong'ona. "Bibi kaanguka, haamki. Babu kakaa kitandani kwangu. Miguu yake ina kwato."

"Toka nje, mwanangu! Kimbia!"

"Mlango haufunguki."

Kisha ikasikika pumzi ya mtu mwingine.

"Niachie mwanangu!" Bi Pole alilia, ofisi nzima ikageuka. "Nakuomba, baba, nisaidie!"

"Pole, mwanangu. Pole sana," sauti ilijibu kwa upole ule ule wa kwake. "Nipe namba yako ya mteja nikufungulie."

Namba aliyoishi nayo miaka yote. Akafungua kinywa aitaje, asikumbuke hata tarakimu moja.