Shuka Zilizotobokea Sandukuni

Dobi hakununua mkaa wa kuchemshia maji ya kufulia. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na chemchemi. Maji yalitoka ardhini yakiwa moto, tena ya bure. Tatizo lilikuwa sabuni: sugua uchoke, povu hakuna.

"Sabuni za siku hizi feki," alisema Dobi, akaendelea kufua.

Kisha shuka alizokuwa akiifulia nyumba ya wageni zikaanza kutoboka.

"Nikiona tobo jingine," meneja alimwambia, "kazi nampa mwingine."

Dobi hakutafuta mchawi mbali. Wifi yake, dada wa mumewe, aliishi humo humo ndani. Alikuwa fundi cherehani. Na alikuwa na mkasi.

"Mkasi unakata," Dobi alimnong'oneza mumewe.

"Wa nani haukati?"

"Mtetee tu dada yako!"

Akauficha mkasi. Akafungia shuka safi sandukuni. Ufunguo akauvaa shingoni. Akaoga nao, akalala nao. Siku ya kupeleka shuka, akafungua. Akashika moja. Kidole kikatokea upande wa pili.

"Ana ufunguo bandia!"

"Wifi, mimi si panya," fundi cherehani akajibu. "Jumamosi nahama." Akaanza kufunga furushi.

Kesho yake Dobi akamkuta mwanamke amechuchumaa chemchemini. Alikuwa akikwangua utelezi wa kijani na kuutia chupani.

"Kumbe mko wawili! Unatia nini kwenye maji yangu?"

"Sitii, nachukua. Mimi ni mpima maji, mama. Utelezi huu una uhai."

"Kwenye maji yanayounguza? Mdanganye mwingine!"

Mpima maji akacheka. "Ni viumbe vidogo mno. Wewe utaungua, vyenyewe hapa ndiyo kwao. Vingine huvioni kabisa. Vinakula salfa, huu unga wa njano kwenye mawe, na kuigeuza tindikali." Akachovya karatasi ya bluu majini. Ikawa nyekundu. "Umeona? Maji ni makali. Usiyanywe, wala usinawe uso. Ndiyo yanaharibu povu. Shuka ikikauka, tindikali inabaki, inakula nyuzi."

"Hata sandukuni?"

"Hata sandukuni. Mama, ulimfungia mwizi ndani, ukabaki kumlinda."

Dobi hakuamini. Akafua vitambaa viwili: kimoja kwa maji ya bomba, kimoja kwa ya chemchemi. Akavianika, akavifungia. Ijumaa akamwita wifi yake.

"Vuta wewe. Mikono yangu siiamini tena."

Cha bomba kikagoma. Cha chemchemi kikachanika kama karatasi.

Siku hizi Dobi anajaza maji ya bomba kwenye dumu la plastiki. Analifunga vizuri, analizamisha chemchemini. Maji yanapata moto bila kuchanganyika. Povu linafika viwikoni. Meneja ameongeza na mapazia.

Ijumaa ile ile, Dobi alimrudishia wifi yake mkasi. "Nisamehe, wifi. Fungua furushi."

Wifi akafungua. Akahesabu nguo zake moja moja, akimtazama Dobi.

"Unahesabu nini tena?"

"Najihadhari tu, wifi. Nyumba hii ina wezi wasioonekana."